Ipe Injini Haki Yake: Kuchagua Oili ya Gari la Spoti



Ndugu msomaji, wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya isha, nilibaki msikitini nikikamilisha daftari la michango. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye kwa miaka mingi aliendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Mbeya, alinijia akifuatana na kijana wake. Kila mmoja alishika galoni la oili. La baba liliandikwa 20W-50. La kijana liliandikwa 0W-20, na bei yake ilikuwa kubwa zaidi kwa mbali.

"Ustaadh," mzee akaanza, "tuamue. Mwanangu amenunua Subaru Impreza ya turbo. Mimi namwambia nchi hii ni ya joto, na gari lenye nguvu linataka oili nzito. Yeye amesoma kwenye simu kwamba magari ya spoti ya siku hizi yanataka oili nyepesi. Kesho gari linaingia gereji. Tuweke ipi?"

Nikawauliza, "Kitabu cha gari kinasemaje?"

Wakatazamana. Kitabu kilikuwamo garini, katika kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, lakini kimeandikwa kwa Kijapani. Hakuna aliyewahi kukifungua.

Sikuwacheka. Huenda msomaji akashangaa swali la gereji kuletwa kwa katibu wa kamati ya msikiti, ambaye chuoni alisoma fiqhi na nahau, si makanika. Mtaani kwetu sababu inajulikana. Mimi niliwahi kuiua injini ya gari kama hilo, nami tangu siku hiyo nimejifunza habari za oili kwa bidii ya mtu aliyechelewa.

Injini iliyofia mikononi mwangu

Nilipomaliza masomo, mimi na kaka yangu tulinunua Subaru ya turbo iliyokwisha kutumika Japani. Fedha zetu hazikutosha. Mama alikuwa ameweka akiba ya kwenda Hijja. Akatukopesha sehemu yake, nami nikamwahidi kwamba ingerudi kabla ya msimu uliofuata.

Nilijiona mwangalifu. Nilinunua oili ya bei kubwa kuliko zote zilizokuwamo dukani, nikaandika tarehe kwenye kikaratasi na kukibandika mlangoni. Baada ya hapo sikukivuta kijiti cha kupimia oili hata mara moja kwa muda wa miezi mitatu. Nililiamini kopo.

Siku moja tulikuwa safarini kwenda Tanga. Tulipokaribia Segera, taa nyekundu ya oili, ile yenye umbo la kibirika, iliwaka tukiwa kwenye kona, kisha ikazimika. Nikasema moyoni kwamba huo ni waya tu. Haukupita mwendo mrefu tukasikia mlio wa kugonga kutoka chini ya boneti. Injini ilikuwa imenoki. Fundi alipofungua kizibo cha chini, kilitoka kiasi cha zaidi kidogo ya lita moja, katika injini inayochukua lita nne na ziada. Hapakuwa na tone lililovuja nje. Injini ilikuwa ikiiunguza oili kidogo kidogo, nami sikutazama.

Matengenezo yaliila akiba ya mama. Nilipokwenda kumweleza, alinyamaza kitambo, akasema, "Hijja ina wakati wake, mwanangu." Hakulitaja tena jambo hilo. Alhamdulillahi, alikwenda miaka mitatu baadaye, lakini magoti yake yalikuwa yamekwisha kuchoka, na sai baina ya Safa na Marwa aliifanya akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa sababu hiyo sikuweza kulijibu swali la mzee kwa neno moja, wala leo siwezi kuliandika kwa mistari michache.

Kazi ya oili ndani ya injini

Watu husema kazi ya oili ni kulainisha. Wamesema kweli, ila wameacha mengi. Krenki ya injini huzunguka ndani ya beringi, na pengo lililopo baina yake na beringi hizo ni sehemu chache tu za mia za milimita moja. Pampu hulijaza pengo hilo oili, na krenki inapozunguka hubebwa juu ya utando huo, chuma kisiguse chuma. Oili hiyohiyo huchukua joto chini ya pistoni, hubeba masizi na chembe za chuma mpaka kwenye filta, huzuia kutu, na huzisaidia ringi za pistoni kuziba vyema.

Katika gari la spoti mzigo huo huongezeka. Turbo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi wa injini ili liisukume hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Gurudumu hilo laweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika injini ya petroli moshi unaolizungusha huweza kukaribia nyuzi joto 900 za Selsiasi. Katika turbo nyingi mhimili wake huelea juu ya oili ileile inayotoka kwenye sampu. Zipo pia injini zinazotumia msukumo wa oili kubadili majira ya kufunguka kwa valvu. Toyota Altezza yenye injini ya 3S-GE, ambayo vijana wetu wanaipenda, ni mojawapo. Kwa hiyo oili isiyofaa haiharibu mahali pamoja. Madhara yake hufika kila inakopita.

Kuzisoma namba

Sasa tuzitazame zile namba zilizowagombanisha baba na mwana. Tuchukue 5W-30. Herufi W imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Namba iliyo kabla yake hueleza jinsi oili inavyotiririka injini inapowashwa katika baridi kali. Ili oili iitwe 5W, hupimwa katika nyuzi 30 na 35 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haipo Dar es Salaam, wala Lushoto, wala Njombe. Namba iliyo baada ya kistari ndiyo inayotuhusu zaidi sisi: hueleza uzito wa oili, au kwa lugha ya darasani mnato wake, ikiwa na joto la nyuzi 100.

Kwa kipimo kinachoitwa sentistoki, oili ya namba 30 katika joto hilo huwa kati ya 9.3 na 12.5. Ya namba 40 huwa kati ya 12.5 na 16.3, na ya namba 50 huanzia 16.3 hadi 21.9. Kadiri namba inavyopanda, oili hukaa nzito zaidi ikiwa moto. Kwa hiyo 0W-40 na 15W-40, ingawa zinaonekana tofauti sana kwenye kopo, zikishapata moto ziko katika kundi moja la uzito. Anayeona sifuri mwanzoni akadhani oili hiyo ni maji matupu, amekosea.

Na hapa ndipo hoja ya mzee kuhusu joto la nchi inapohitaji kutazamwa upya. Maji ya injini hulindwa na thermostati, nayo huyaweka karibu na nyuzi 80 hadi 90 na kitu, gari liwe Dar es Salaam au Tokyo. Joto la hewa ya nje lina athari yake, lakini linaloipandisha oili joto zaidi ni namna gari linavyoendeshwa: mlima mrefu, mzigo, mwendo mkali usiopumzika. Kusema tu kwamba nchi yetu ni ya joto, basi tuweke namba 50, ni kuchukua nusu ya elimu na kuiacha nusu nyingine.

Spoti si jina la uzito

Kijana naye alikuwa na nusu yake. Ni kweli kwamba yapo magari ya spoti yanayotumia 0W-20. Toyota 86 na nduguye Subaru BRZ, yaliyotoka mwaka 2012, yalitengenezwa kwa oili hiyo. Lakini BMW M3 ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye injini ya lita 3.2, ilitakiwa kutiwa 10W-60, oili nzito kupita hata ile ya mzee. Na Nissan GT-R iliyoanza kuuzwa mwaka 2007 ilipangiwa 0W-40. Yote hayo ni magari ya spoti yenye sifa duniani, na kila moja lina jibu lake.

Sababu yake ni kwamba mhandisi anapobuni injini, huipanga oili pamoja na chuma. Ukubwa wa pengo la beringi, nguvu ya pampu, upana wa njia za oili, kuwapo au kutokuwapo kwa kipozeo cha oili, vyote hupangwa kwa oili ya uzito fulani. Ukiibadilisha oili bila kuyajua hayo, umeibadilisha sehemu moja ya injini na kuziacha nyingine kama zilivyokuwa.

Oili ikiwa nyepesi kupita kiasi, utando huvunjika chini ya mzigo, na krenki huigusa beringi. Ikiwa nzito kupita kiasi, huchelewa kufika juu kwenye valvu na kwenye turbo asubuhi injini inapowashwa, pampu hufanya kazi ya ziada, injini hupoteza nguvu na petroli katika kuisukuma, na joto la msuguano hupanda. Wengi huiogopa hatari ya kwanza na kuisahau ya pili. Kumbe sehemu kubwa ya kuchakaa kwa injini hutokea katika dakika za mwanzo, kabla oili haijapata moto wake.

Nilimwambia mzee kwa heshima kwamba uzoefu wake si batili. Lori lake lilikuwa la dizeli, lenye mapengo makubwa na mwendo wa polepole, na oili aliyoizoea ilikuwa haki ya lori lile. Lakini haki ya mmoja haiwi haki ya mwingine.

Tulikifungua kitabu

Tukatoka uani, tukawasha taa ya simu, tukakifungua kile kitabu cha Kijapani. Hatukujua kusoma hata neno moja. Lakini namba ni namba: katika ukurasa wenye picha ya kibirika cha oili tuliona 5W-30 bila taabu. Nawasihi wenye magari yaliyotoka Japani wasikiogope kitabu kwa sababu ya lugha yake. Mahali pengi jibu limeandikwa pia kwenye kizibo cha kujazia oili, juu ya injini.

Vitabu vya Subaru za turbo za miaka ile huitaja 5W-30 kuwa oili ya kawaida, na huruhusu uzito mkubwa zaidi pale joto linapokuwa kali sana au kazi inapokuwa nzito. Kwa hiyo ushauri wangu ulikuwa huu. Kwa kwenda kazini, sokoni, na safari za kawaida za mikoani, 5W-30 iliyo bora inatosha. Kama gari litapandishwa milima kwa mwendo mkali mara kwa mara, au kama injini imechakaa kiasi na inaanza kula oili, anaweza kupanda hatua moja hadi 5W-40. Asiruke mpaka namba 50 kwa kufuata mazoea ya gereji. Na 0W-20 haina nafasi katika injini ile, kwa kuwa ni nyepesi kuliko ile iliyopangiwa.

Kwa msomaji mwenye gari jingine, njia ni hiyohiyo. Anza na kitabu. Uzito uliotajwa kuwa wa kawaida ndio msingi. Uondoke hapo kwa sababu unayoweza kuieleza, tena kwa hatua moja tu, na ndani ya mipaka iliyoruhusiwa.

Herufi zilizo nyuma ya kopo

Baada ya uzito, tazama daraja la ubora. Kwenye kopo utaona alama ya API ikifuatwa na herufi mbili. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili hupanda kadiri miaka inavyokwenda: SL ilianza mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Katika madaraja hayo jipya hufaa pale la zamani lilipotakiwa, lakini la zamani halifai pale jipya linapotakiwa. Subaru iliyotakiwa kutiwa SL itaipokea SN au SP bila tatizo. Kinyume chake, gari jipya la turbo linalopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda halistahili kutiwa SL. SP iliwekwa pamoja na mambo mengine ili kupunguza mlipuko unaotangulia wakati wake katika injini za namna hiyo, nao huweza kuivunja pistoni.

Oili ya lori yenye herufi za C peke yake isiingizwe katika gari la petroli, hata kama imebaki nusu galoni na inauma kuiacha.

Magari ya Ulaya yana alama zake. ACEA A3/B4 hupewa oili inayobaki na unene wa kutosha hata katika joto la nyuzi 150, nayo hufaa kwa injini nyingi zinazofanya kazi kali. Watengenezaji wengine hutoa idhini zao wenyewe. Kwa Porsche nyingi, kwa mfano, kitabu hutaja A40. Ikiwa kitabu kimetaja idhini fulani, tafuta kopo lenye idhini hiyo, usitosheke na namba za uzito peke yake.

Sintetiki au ya kawaida?

Hapa ndipo mfuko wa familia unapoguswa. Oili ya kawaida, inayoitwa ya madini, hutokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa. Sintetiki hutengenezwa kwa uangalifu zaidi ili chembe zake ziwe na umbo linalofanana, na kwa hiyo hustahimili joto kwa muda mrefu bila kuganda na kuwa tope. Ile iliyoandikwa nusu sintetiki ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Kwa gari dogo lisilo na turbo, linalokwenda sokoni na kurudi, oili ya kawaida yenye daraja sahihi, ikimwagwa kwa wakati, hutosha, na si ubahili kuichagua. Kwa injini ya turbo, sintetiki kamili ni haki yake. Mtu anapotoka katika mwendo mkali na kuizima injini papo hapo, oili iliyomo ndani ya turbo husimama juu ya chuma chenye moto mkali. Oili dhaifu huungua pale na kuacha masizi magumu, na masizi hayo huziba njia nyembamba za oili. Sintetiki huvumilia zaidi, ingawa nayo ina kikomo. Kwa hiyo, uwe na oili gani, endesha polepole dakika chache za mwisho kabla ya kufika, au uache injini inguruma kidogo kabla ya kuizima. Hilo halina gharama yoyote.

Kuhusu vile vichupa vya dawa ya kuongeza kwenye oili vinavyouzwa kwa sifa nyingi, oili bora imekwisha kutiwa dawa zake kwa vipimo. Kuongeza nyingine juu yake ni kuvuruga vipimo hivyo. Fedha hiyo inunue filta nzuri. Filta ibadilishwe kila oili inapomwagwa, kwani kuweka oili mpya juu ya filta chafu ni kama kuoga na kuvaa nguo ileile yenye jasho.

Kopo la kweli

Nimeona kwa macho yangu makopo matupu yenye chapa maarufu yakinunuliwa kutoka kwa wapita njia. Sina haja ya kueleza yanakokwenda. Nunua kwa wakala anayejulikana, akupe risiti. Itazame lakiri chini ya kizibo, na uilinganishe namba iliyopigwa kwenye kopo na ile iliyo kwenye boksi lake. Oili inayouzwa kwa bei ya chini sana kuliko kwingine kote inatoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Uwepo gereji kopo linapofunguliwa, na ukimaliza, litoboe kopo tupu kabla ya kulitupa, ili lisije likawa mtego kwa ndugu yako mwingine.

Oili chafu nayo isimwagwe kwenye mtaro. Mitaa yetu mingi inategemea visima, na maji tunayotawadhia na kuwapikia watoto hutoka katika ardhi hiyohiyo. Mwachie fundi anayeikusanya kwenye pipa.

Kijiti ndicho shahidi

Nimeliacha kwa mwisho lile lililonigharimu zaidi. Ile oili niliyoinunua miaka ile haikuwa mbaya. Uzito wake ulikuwa sahihi na daraja lake lilikuwa sahihi. Iliyokosekana ilikuwa oili yenyewe. Injini za turbo, hasa zilizokwisha kutembea sana, zina tabia ya kula oili kidogo kidogo, na kopo la bei kubwa halimwambii mwenye gari kiasi kilichobaki. Kinachomwambia ni kijiti.

Lisimamishe gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache oili ishuke kwenye sampu. Vuta kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukivute tena na usome. Katika Subaru ile, kati ya alama ya juu na alama ya chini kuna takribani lita moja. Katika injini yenye lita nne na kitu, kuwa kwenye alama ya chini ni kupungukiwa karibu na robo. Ongeza kidogo kidogo, oili ya uzito uleule, wala usiipite alama ya juu, kwa sababu oili ikizidi krenki huichapa na kuitia povu, na povu halibebi chuma.

Fanya hivyo kila wiki, na kabla ya kila safari ndefu. Oili ya injini ya turbo nakushauri uimwage kila kilomita 5,000, au miezi sita ikitangulia, kwa sababu foleni za mjini huichosha oili hata kama kilomita ni chache. Na ile taa nyekundu ikiwaka, hata kwa kupepesa jicho, weka gari pembeni na uzime injini hapohapo. Taa hiyo si ya kukukumbusha sevisi. Inakuambia kwamba msukumo wa oili umekatika sasa hivi, na unazo sekunde, si kilomita.

Yaliyotokea baadaye

Magaloni yote mawili yalirudi dukani yakiwa na lakiri zake, na mwenye duka, Allah amlipe, alikubali kubadilisha. Walitoka na 5W-30 sintetiki yenye daraja la SP, filta mpya, na bado wakarudishiwa chenji kidogo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko ile 0W-20 ya kijana.

Ijumaa iliyopita niliwaona nje ya nyumba yao kabla ya swala. Kijana alikuwa tayari amevaa kanzu, akiogopa kuigusa boneti. Mzee alikuwa ameikunja mikono ya shati, kijiti mkononi, kitambaa begani, akikisogeza kwenye mwanga kama asomaye barua kutoka mbali.

"Imeshuka kidogo, Ustaadh," akaniambia. "Kiasi cha nusu kidole."

"Iongeze, mzee wangu," nikamjibu.

"Nimekwisha kumtuma aniletee kopo," akasema, akamtazama mwanawe. "Bado amesimama hapa na kanzu yake."

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaallah.